Unyasi Mdomoni

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Maposeni, palikuwa na mtu mmoja tu ambaye tulikatazwa kumwitikia akituita, na mtu huyo alikuwa mama yangu mdogo, Xaveria. Jamani, mtoto wa Kingoni uitwe na mkubwa halafu ukae kimya? Siku nyingine zote ungekula fimbo mpaka ukumbuke jina la bibi wa bibi yako. Lakini kwa Mama mdogo, kuitika ndiko kulikokuwa kosa.

Sababu yao ilikuwa hii. Watu waliamini kwamba mtu aliyerukwa na akili akikuita kwa jina, nawe ukaitika, ule wazimu wake unapata njia. Unatoka kwake, unafuata sauti yako, unakuingia. Kwa hiyo kila aliyepita mbele ya nyumba yetu alichuma unyasi kando ya njia, akaung'ata kwa meno ya mbele, ili mdomo usije ukaitika wenyewe kwa mazoea. Watoto wa shule, akina mama wenye ndoo kichwani, wote. Hata katekista wetu, rozari mkononi, nilimwona kwa macho yangu anapita na unyasi mdomoni kama mbuzi. Nyasi za upande wetu wa njia ziliisha kabisa, ukabaki udongo mtupu.

Sisi wa ndani ndio tulikuwa na kazi zaidi, maana hatupiti tu, tunaishi. Bibi Klotilda, mama yake Xaveria, aliweka nyasi kavu kwenye kopo la maziwa ya unga pale mlangoni, na kila aliyetaka kutoka uani alichukua wake. Bibi mwenyewe akimpelekea mwanawe chakula aling'ata unyasi, akaweka sahani chini, akarudi. Miezi mitano alimlisha hivyo, na katika miezi hiyo mitano hakumwambia hata neno moja. Nikisema alikuwa na roho mbaya nitakuwa mwongo. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na mimi mjukuu wa miaka tisa ndani ya nyumba, akaona afadhali apotee mmoja kuliko wawili.

Kabla ya hapo Mama mdogo alikuwa mtu wa kutafutwa na kila mtu. Kwetu msimu wa kilimo watu wanalimiana: leo tunalima kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika ugali na pombe ya komoni. Basi hakuna aliyetaka siku yake ifike bila Xaveria, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na akiimba yeye jembe linakuwa jepesi. Akaolewa Mpitimbi. Mwaka wa pili usingizi ukamkimbia. Akawa anazunguka uani, anasema anasikia watu wanamsema nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta hakuna mtu. Mume akavumilia kidogo, halafu akampakia kwenye baiskeli, akaja kumshusha kwa Bibi na begi lake moja, akasema, "Mama, mzigo wako huu." Mtu anamwita mkewe mzigo! Nikikumbuka, mpaka leo damu inanichemka.

Maneno yakawa mengi. Huyu anasema ameruka dawa iliyotegwa njiani, yule anasema amekula mali ya watu akarogwa. Bibi akafagia jiko la nje, akamtandikia humo. Mlango wa jiko lile ulitazama njia, na kutoka mlangoni hapo Mama mdogo akaanza kuita.

Alikuwa hakosei jina hata moja. Anamwona mtu anatokea kule kwenye mashine ya kusaga: "Otmara! Wee Otmara! Otmara wee!" Anaita mpaka Otmara anapotelea kwenye kona, akitembea haraka, macho chini, unyasi unatikisika mdomoni. Kisha anatokea mwingine, naye anaitwa. Ikifika adhuhuri sauti imekauka, bado anaita. Watu walisema, mnaona wazimu huo? Anaita tu, hachoki. Na mimi nilisema hivyo hivyo, nisijifanye mtakatifu. Nilikuwa na aibu naye. Shuleni walinitenga kwenye mchezo wa rede, na nilimchukia yeye kwa hilo, sikuwachukia wao.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mzee Gaudensi alikuja kwetu. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mrefu, mkali, mwenye kofia ambayo hakuivua isipokuwa kanisani na misibani. Bibi alimpa kigoda, mimi nikajifanya napeta maharage.

"Dada Klotilda," alisema, "watu wamenijia mara tatu. Watoto wanazungukia mtoni kwenda shule kwa kuogopa kupita hapa. Sasa mvua hizi, mto ukijaa, mtoto wa mtu akachukuliwa na maji, tutasema nini?"

Bibi aliokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo wangu.

"Kuna yule mganga niliyekuambia. Tukimaliza kupanda nitaleta vijana wanne na mkokoteni, tutampeleka."

"Yule anayewafunga watu mguu kwenye gogo?"

"Ni mpaka watulie, dada."

"Na waliotulia ni wangapi?"

Alisimama, akaweka sawa kofia yake. "Tukimaliza kupanda," akarudia, akaondoka.

Bibi hakusema ndiyo wala hapana, lakini kesho yake nilimwona anafua shuka la Mama mdogo na kulikunja vizuri, kama anayemfungia mtu safari. Mimi nilijua kuhesabu. Kupanda kwetu kulichukua wiki mbili, mvua isipokatika.

Jumamosi ya wiki ya kwanza ndipo yalipotokea yangu. Mama yangu mzazi alikuwa anauza mitumba Songea mjini, na kila Jumamosi alikuja kutuona. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa majivu, sikio lote liko njiani, maana aliniahidi viatu. Nikasikia, "Notburga!"

"Abee, mama!" Nikatupa sufuria, nikazunguka nyumba mbio, mikono imejaa majivu.

Mama hakuwepo. Mlangoni pa jiko la nje alikuwa amesimama Mama mdogo, ameshika mwimo wa mlango. Nilisahau jambo ambalo kila mtu kwetu alilijua, kwamba mama na mdogo wake walikuwa na sauti moja. Hata leo wakinipigia simu inanibidi niangalie jina kwanza.

Sijui nani alishtuka zaidi, mimi au yeye. Alinitazama muda mrefu, kama mtu aliyekuwa anapiga hodi kwenye nyumba tupu kisha akasikia komeo linafunguliwa. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kabisa:

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Haya. Kanawe mikono."

Akaingia ndani, akakaa. Siku ile hakuita tena mtu yeyote mpaka jua likazama. Lakini mimi hilo sikuligundua, kwa sababu nilikuwa na shughuli yangu. Nilikuwa nageuka kichaa.

Wewe cheka tu. Siku tatu zile sijapata kuona mateso kama yale. Sikumwambia Bibi, maana ningemwua kwa hofu. Mama alipofika na viatu vyangu sikuvijaribu hata kimoja, akadhani naumwa. Kila asubuhi nilijipima: jina langu nani? Notburga. Bibi yangu nani? Klotilda. Saba mara nane? Hamsini na sita. Nashukuru, bado. Jumapili mbuzi wa mtu aliingia kanisani akafika karibu na altare, watoto wote tukacheka, lakini mimi nilikatiza kicheko katikati nikasema moyoni, ndiyo hivyo, imeanza. Jumatatu mwalimu akauliza saba mara tisa, nikajibu hamsini na nne. Nikaangua kilio darasani, mwalimu akashangaa, maana hakuwa hata ameshika fimbo.

Baada ya shule Bibi alikuwa amenituma chumvi kwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama wa Tunduru, aliyekuja kwetu na mume wake mfanyabiashara. Mume akafariki, yeye akabaki na duka lake dogo upande wa pili wa kitongoji, Mwislamu peke yake katikati yetu Wakatoliki, na tulimpenda kwa sababu alikuwa na pipi na hakuwa na haraka. Siku hiyo alinitazama mara moja tu.

"Una nini, mjukuu wangu?"

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Una nini?"

"Ninakuwa kichaa."

"Ala! Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Bi Zuhura alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Lakini nilipomweleza kuwa nimemwitikia Mama mdogo, alitoka nyuma ya meza, akaketi juu ya gunia la sukari.

"Saba mara nane?" akaniuliza, maana na hilo nilikuwa nimemweleza.

"Hamsini na sita."

"Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Basi wewe mzima kuliko mimi." Akafikiri kidogo. "Na yeye, ulipomwitikia, alifanya nini?"

"Aliniuliza kama nimekula."

Hapo akaniambia habari ambayo, nadhani, hakuwahi kumwambia mtu wa kwetu. Kule Tunduru alikuwa na kaka yake aliyepatwa na maradhi yale yale. Walimfungia kwenye stoo ya korosho. "Alikuwa anatuita hivyo hivyo, mjukuu wangu, mmoja mmoja, kuanzia mama. Tukaambiwa tusiitike. Tukatii. Mwisho akanyamaza, tukasema alhamdulillahi, ametulia. Tulipofungua mlango, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nami nimekaa hapa miezi mitano nasikia habari za Xaveria, najiambia hayanihusu. Mungu anisamehe. Twende kwa bibi yako."

Akafunga duka mchana kweupe. Sikuwahi kuona duka la Bi Zuhura limefungwa mchana.

Tulimkuta Bibi uani, sahani ya ugali mkononi, unyasi mdomoni, anaelekea jiko la nje. Bi Zuhura hakuzunguka. "Dada Klotilda, mtoto huyu alimwitikia mama yake mdogo tangu Jumamosi."

Bibi aliweka sahani chini. Akanishika taya, akanitazama ndani ya macho, huku na huku, kama anayetafuta mdudu aliyeingia.

"Saba mara nane hamsini na sita, Bibi," nikamwambia haraka.

"Leo ni siku ya tatu," Bi Zuhura akasema. "Mtoto mzima. Na wewe dada, Jumamosi ile, tangu mchana mpaka jioni, ulimsikia Xaveria akiita?"

Kabla Bibi hajajibu, sauti ikatoka jikoni. "Zuhura! Zuhura wee!"

Bibi akamshika Bi Zuhura mkono. Bi Zuhura akautoa taratibu. "Labeka, mwanangu."

Sauti ya jikoni ikauliza: "Zuhura, chumvi dukani kwako ipo?"

"Ipo, mwanangu. Nimekuja nayo."

"Mpe Mama. Mboga yake haina chumvi siku nyingi."

Hapo ndipo nilipomwona Bibi yangu anavunjika. Siku zote hizo hofu ilikuwa imemtoa akili za upishi, anapika bila kuonja, na mimi nilikuwa nakula kimya kwa kuogopa makofi. Lakini Mama mdogo alikuwa anaila ile mboga chapwa miezi yote, hana hata mtu wa kumwambia haina chumvi. Jambo dogo kama hilo! Mwendawazimu gani anajua mboga haina chumvi?

"Mama," Mama mdogo akaita. Hakuita kwa nguvu. "Mama."

Bibi alisimama na unyasi wake kati ya meno. Midomo inatetemeka, unyasi unatetemeka. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge chake. Kisha akautoa ule unyasi kwa vidole viwili, akauangalia, akautupa.

"Eee, mwanangu," akasema. "Nipo. Nipo hapa."

Akaingia jikoni. Bi Zuhura akanishika mkono, akanigeuza nitazame njia, akasema tuwaache. Nilisikia Bibi analia kwa Kingoni, na kilio cha Kingoni cha bibi yangu sitakitafsiri hapa.

Sasa nisije nikakudanganya kwamba kuitikiwa kulimponya. Hapana. Aliendelea kuwasikia wale wa nyuma ya ukuta, na siku nyingine alikuwa hajui leo ni lini. Kesho yake Bibi na Bi Zuhura walimpeleka hospitali ya misheni. Nesi mmoja mama mtu mzima aliwaeleza kwamba huu ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, ila huu umekaa kichwani. Hauambukizi kwa sauti wala kwa sahani. Mama mdogo akapewa dawa za kumeza na tarehe ya kurudi kila mwezi. Nesi akasema na jambo jingine, ambalo Bibi alilirudia mpaka anakufa: "Dawa nitawapa mimi. Watu mtampa ninyi." Watu wenyewe, sasa, ndio walikuwa hawapo.

Na kupanda kulikuwa kunaelekea mwisho. Nilikuwa nahesabu mashamba kila nikienda shule: bado la Otmara, bado la katekista, bado kipande cha bondeni cha Mzee Gaudensi mwenyewe. Mkokoteni niliuona umeegeshwa kwake, umetengenezwa gurudumu.

Kwetu Wakatoliki nyumba zimegawanywa katika jumuiya ndogo ndogo, na kila wiki jumuiya inasali kwenye nyumba moja, kwa zamu. Nyumba yetu ilikuwa inarukwa tangu Mama mdogo arudi. Hakuna aliyesema, ilirukwa tu. Wiki ile Bibi akasimama kanisani baada ya misa, akasema mbele ya wote, "Alhamisi ni kwangu. Nimeshatandika mikeka." Nani angekataa? Bibi alikuwa amewazalisha nusu ya akina mama wa jumuiya ile.

Alhamisi alasiri wakaja, kama kumi na wawili. Wakakaa mikeka ya mbali, karibu na njia, tayari kwa kukimbia. Na kila mmoja ameng'ata unyasi. Sasa niambie, mtu atasalije Salamu Maria na unyasi mdomoni? Ilikuwa ni kunung'unika tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Bi Zuhura, ambaye sala zile hazikuwa zake, alikuwa amekaa na mimi kwenye kizingiti, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Katikati ya fumbo la pili la rozari, Mama mdogo akatokea mlangoni. Alikuwa ameoga, amefunga kitenge kipya cha Bibi. Akawatazama wote. Akaita:

"Baba Gaudensi!"

Sala ikakatika. Mzee Gaudensi akatazama chini, kofia magotini.

"Baba Gaudensi wee!"

Bibi akasimama. Sikuwahi kumsikia anahutubia watu, wala baada ya hapo sikumsikia tena. "Gaudensi," alisema, "mtoto huyu ni wewe uliyemsimamia ubatizo. Jina hilo la Xaveria ni wewe uliyelitaja. Padri aliuliza, je, mko tayari kumlea mtoto huyu? Siku ile uliitika. Sauti yako niliisikia mimi, na mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, bado niliisikia. Leo anakuita yeye mwenyewe. Kama unaogopa, sikulaumu, mimi mama yake niliogopa miezi mitano. Lakini mjukuu wangu aliitika, huyo hapo. Zuhura ameitika. Mimi nimeitika. Tuangalieni. Hujafa hujaumbika, ndugu zangu."

Nilimwangalia Mzee Gaudensi. Alikuwa na sura ya mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Akautoa unyasi mdomoni, na hakuutupa, aliuweka kwenye mfuko wa shati, nadhani kwa tahadhari.

"Naam, mwanangu."

"Umemaliza kupanda?"

Watu wote pale walijua kilichofungwa kwenye neno lile, isipokuwa yeye aliyeuliza. Mzee akaigeuza kofia magotini.

"Bado," akasema. "Bado kipande cha bondeni."

"Nitakuja kusaidia."

Mzee Gaudensi akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena, akaishusha mpaka machoni. Sauti ilipotoka haikuwa ya mwenyekiti. "Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo Jumatatu. Tutakusubiri tuanze na wewe."

Mama mdogo akaendelea kuita, kama kawaida yake, mmoja mmoja. "Otmara!" Otmara akaangua kilio, akaitika kwa kilio. Katekista akaitika kwa sauti kubwa kuliko wote, kama anayelipia faini. Si wote. Mama mmoja alikunja kitenge chake akaondoka, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anapita kwetu na unyasi mdomoni. Basi tu, kila mtu na moyo wake.

Jumatatu Mama mdogo alikwenda bondeni. Hakuimba siku hiyo, dawa zilikuwa zinamlegeza ulimi. Alipanda mistari miwili, akalala chini ya kivuli cha mkokoteni, ule ule, na vijana wanne walioandaliwa kumkamata wakawa wanatembea kwa kunyata wasimwamshe. Kuanzia hapo jumuiya ikapanga zamu. Kila mwezi kuna mtu wa kumsindikiza hospitali, na mvua zikikata njia, Mzee Gaudensi mwenyewe alizifuata dawa kwa miguu. Mara mbili Mama mdogo aliugua tena vibaya. Mara moja alipotea siku nzima, na kitongoji kizima kikatoka kumtafuta kikiita jina lake vichakani. Aliitika, akiwa amekaa chini ya mti wa msuku, anakula masuku, anashangaa kelele zile ni za nini.

Nilikuwa mkubwa nilipothubutu kumwuliza kwa nini alikuwa anaita vile. Tulikuwa tunachambua mboga. Akasema, bila kuinua macho, "Nilikuwa naita nione kama bado nipo. Ukiita watu wote na asiitike mtu, unaanza kuamini hupo." Akaendelea kuchambua. Kumbe sisi tulidhani haachi kuita kwa sababu ana wazimu, na kumbe haachi kwa sababu hatuitiki.

Sasa mimi nina watoto wawili, na cherehani yangu kwenye baraza la duka hapa Songea mjini. Nilipomzaa wa pili, nikaanguka. Siku hizi naweza kulisema bila kuona aibu. Usingizi ukanikimbia, nikawa nalala nimeelekea ukutani, mtoto analia naona kama analia nyumba ya jirani. Siongei. Mume wangu, maskini, akawa ananunua nyama, kila siku nyama, kama nyama ndiyo dawa. Ndugu mmoja kutoka Maposeni akaja kuniona, akamnong'oneza mama mkwe, nami nikamsikia: "Si aliitika huyu utotoni? Ilikuwa njiani tu, sasa imefika."

Mama mdogo Xaveria alisikia, akaja siku hiyo hiyo na mfuko wa mahindi mabichi. Hakuingia chumbani. Akaomba kigoda, akakiweka mlangoni, akaketi.

"Notburga."

Sikuitika. Sikuwa nakataa, sauti ndiyo sikuwa nayo.

"Notburga wee."

Aliita mpaka jioni. Hakugomba, hakubembeleza, hakusema jipe moyo. Mume wangu akamwambia, mama, pumzika. "Niache, mwanangu," akamjibu, "kazi hii naijua." Kesho yake asubuhi akaanza tena, na sauti ilikuwa imekauka kama zamani, sauti ile ile ya mama yangu. Sijui saa ngapi, nikasikia mdomo wangu unasema:

"Abee, mama."

Kigoda kikalia, akasimama. "Umekula?"

"Hapana."

"Haya. Kanawe mikono."

Nikanawa, tukala mahindi. Kisha akanishika mkono akanipeleka hospitali, na kule manesi walimsalimia yeye kwa jina kabla hawajaniuliza mimi langu. Ilichukua miezi, lakini niko hapa, nashona.

Yule ndugu yetu bado anasema kuna kitu kilitoka kwa Mama mdogo kikaja kwangu siku ile nilipoitika na mikono yangu ya majivu. Zamani nilikuwa nabishana naye mpaka tunakosana, siku hizi namwachia. Kilikuja kweli. Ndicho kilichokaa mlangoni kwangu kwenye kigoda siku mbili, kinaita.